Enta Iliyokuwa Ikikataa

Shemeji yangu hana sauti ndogo. Akisema "habari za asubuhi" mlangoni, aliye chumba cha karatasi nyuma ya ukuta anaitikia. Ni dada mkubwa wa mke wangu, na ndiye aliyenitafutia kazi. Miaka kumi na tatu iliyopita alinikuta nyumbani nashona mkoba wa shule wa mtoto wa jirani. Akaushika mshono, akauvuta kwa nguvu zake zote, haukuachia. Akamgeukia mke wangu.

"Mumeo haongei, lakini mkono wake unaongea. Kesho namchukua."

Mimi hakuniuliza. Kesho yake nikaenda.

Karakana yetu inatengeneza vitabu vya watoto wasioona. Karatasi ni nene, na maandishi yake ni nukta zilizoinuka ambazo mtoto anazisoma kwa ncha za vidole. Mimi nashona kurasa na kugundisha majalada. Kabla kurasa hazijanifikia zinapita kwa mtu tunayemwita Msomaji. Yeye haoni tangu utotoni, na hakuna nukta iliyokaa vibaya inayomponyoka. Kabla ya Msomaji kuna kompyuta tatu na mashine ya kuchapa nukta, na hapo ndipo anapokaa Shemeji. Karakana nzima inamwita Shangazi, hata Meneja ambaye amemzidi umri. Mimi peke yangu namwita Shemeji, na yeye haachi kunitania.

"Shemeji, umekula, au mdogo wangu bado anakutesa?"

Ananiuliza hivyo mbele za watu, kila siku, nami kila siku naitazama sindano yangu.

Wiki kadhaa sasa nasikia watu wakisema kwamba Shangazi alifuta kazi ya miezi mitatu kwa uzembe. Wanasema wakiwa wamekaa, wanakunywa chai, wanacheka. Mimi si mtu wa kubishana. Nikisikia nanyamaza, halafu hasira inanikaa kifuani siku nzima. Kwa hiyo naandika.

Shemeji hakuja pale kwa ajili ya kompyuta. Alikuja kusoma kwa sauti. Mumewe alikuwa amefariki, ana mabinti wawili, na kazi aliyoipata ilikuwa kumsomea Msomaji kitabu cha kawaida wakati yeye akilinganisha na nukta kwa vidole. Walifanya hivyo miaka minne, kuanzia hadithi za darasa la kwanza hadi sayansi, na waligombana kila siku. Msomaji husema kuwa sauti ya Shangazi ndiyo iliyomharibia masikio, sasa amebaki na vidole tu.

Kompyuta zilipoletwa zilikuja na Linux, aina ya mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta inafanya kazi vizuri humo. Mwalimu aliyetumwa kutufundisha alikaa siku tatu akaondoka. Makarani wawili waliosoma kuliko sisi wote walisema kwamba mashine ya kuandikia amri badala ya kubofya ni adhabu, wakarudi kwenye meza zao. Shemeji akatafuta daftari nene, akakaa.

Ili mtu aelewe kilichotokea, kuna jambo moja inabidi alijue. Kwenye kompyuta hizi kuna chombo ambacho kazi yake ni kuleta programu na kuziondoa. Shemeji anakiita mtunza stoo. Unamwandikia: leta hiki, au ondoa kile. Kwa kuwa programu hutegemeana, kabla hajagusa chochote anakuonyesha orodha ya vyote vitakavyoguswa, kisha anauliza: niendelee? Unajibu ndiyo au hapana.

Sasa watunza stoo hawa si wa aina moja. Waliotengeneza Linux ya huku wana wao, na waliotengeneza ya kule wana wao, na hawakukaa chini wakakubaliana. Kompyuta zetu mbili zilizo dirishani zilikuwa na mtunza stoo mmoja, na ile ya mlangoni ilikuwa na mwingine. Ukibonyeza Enta bila kujibu lolote, yule wa dirishani alihesabu kwamba umekataa. Yule wa mlangoni alihesabu kwamba umekubali. Swali ni lile lile, kitufe ni kile kile, majibu yanapingana. Na ukiondoa programu ambayo faili lake umelirekebisha kwa mkono wako, wa dirishani aliliacha faili hilo pembeni kwa jina jingine usije ukalia. Wa mlangoni alifagia hadi pembe za chumba.

Shemeji alipoligundua hilo mara ya kwanza alipiga meza.

"Hawa watu wana akili kweli? Mlango mmoja ukisukuma unafunguka, wa pili ukisukuma unakubamiza usoni, halafu vitasa wameweka vinavyofanana!"

Lakini hakulalamika akaishia hapo. Amri za dirishani akaziandika daftarini kwa kalamu ya bluu, za mlangoni kwa nyekundu. Msomaji akajitengenezea za kwake kwa nukta, maana naye hutumia kompyuta hizo, zina programu ya sauti inayomsomea kilichoko kwenye kioo. Tena Shemeji akabuni jambo ambalo sijasikia kwingine. Aliliita kuchungulia. Akitaka kujua programu fulani inategemewa na nani, hakwenda kutafuta kwenye vitabu vya Kiingereza. Alikwenda dirishani, akaandika amri ya kuiondoa, orodha ikatokea, akaisoma yote polepole, kisha akabonyeza Enta. Mtunza stoo akaelewa kwamba amekataliwa, akarudi kulala. Hakuna kilichoondoka. Miaka minane tulichungulia hivyo, yeye, Msomaji na mimi.

Mimi alinifundisha kwa nguvu. Sikutaka. Nilimaliza shule ya msingi tu, na kilichoandikwa kwenye kioo ni Kiingereza.

"Shemeji, sindano ulizaliwa nayo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi kaa."

Nikakaa, nikafuata kalamu ya bluu, na kwa miaka hiyo sikuharibu kitu.

Jambo la pili la kulijua ni jedwali lake. Programu ya nukta ilikuja na jedwali la lugha yetu lililotengenezwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuisema. Ilikata maneno pasipostahili, na alama za hesabu ilizichanganya. Shemeji na Msomaji walilisahihisha, mstari kwa mstari, miaka sita. Kila mwisho wa muhula alihifadhi nakala kwenye flashi. Muhula huu walikuwa kwenye alama za hesabu za darasa la saba: sehemu, vipeo, pembe. Walikuwa wameifanya miezi mitatu, na muhula ulikuwa haujaisha.

Sasa nifike kwa Bwana Cheti.

Ni injinia wa makao makuu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hawezi kuomba hata kiti bila kutaja vyeti vyake vinne. Alikuja siku ambayo Shemeji alikuwa ameondoka na gari kupeleka vitabu shuleni. Alikaa kwenye kompyuta ya dirishani iliyo karibu na ukuta kuanzia asubuhi hadi saa tisa, akanawa mikono, akaondoka. Nilimwona. Alinisalimia hata kwa jina la kazi yangu, "Mshonaji, hujambo." Nikajibu sijambo. Sikumwuliza anafanya nini, maana mimi siulizi watu, na hilo najilaumu nalo hadi leo.

Shemeji aliporudi, kompyuta ilikuwa na picha ile ile ya maua kwenye kioo, rangi zile zile, kila kitu mahali pake, hata jedwali. Akafanya kazi siku tatu bila kujua kwamba chini ya maua yale amewekewa Linux nyingine na mtunza stoo mwingine.

Siku ya nne kompyuta hiyo ikalalamika kwamba nafasi imejaa. Shemeji alikuwa kwenye mashine ya kuchapa, karatasi imekwama, mkono mmoja uko ndani hadi kiwiko.

"Shemeji!" akaniita. "Ile programu ya zamani ya kusafisha picha, hebu ichungulie. Kama haitegemewi na mtu nitaitoa."

Nikaweka sindano chini. Nikafungua daftari, nikafuata bluu, nikaandika amri kama ilivyo. Mtunza stoo akaitika kwa jina lake lile lile. Orodha ikatokea. Nikaisoma kwa kidole, na mstari wa tano nikaona jina la programu ya nukta, ambalo nalijua kwa umbo lake kama ninavyojua sura ya mke wangu. Nikasema moyoni, afadhali nimechungulia, tungeiondoa ile na hii ingeondoka nayo. Nikabonyeza Enta ili nikatae.

Mistari ikaanza kukimbia.

"Shemeji," nikasema. Hata nilipopaswa kupiga kelele sikupiga. "Shemeji, inakimbia."

"Nini kinakimbia?"

"Inaondoa."

Alichomoa mkono mashineni ukiwa umechubuka, akafika, akabonyeza hiki na kile. Ilikuwa imemaliza. Kioo kilikuwa kimetulia kama mtu aliyefanya kazi nzuri anangoja asifiwe. Akatafuta programu, haipo. Akatafuta faili la jedwali, ambalo mtunza stoo wa dirishani angeliacha pembeni kwa jina jingine. Halikuwapo. Akatafuta mara ya pili, ya tatu. Msomaji akasimama mezani kwake, vidole bado viko kwenye ukurasa.

"Shangazi, mbona kimya? Ukinyamaza wewe mimi naogopa."

"Vipeo vimekwenda," akasema. "Pembe zimekwenda. Vyote vya muhula huu."

Kisha akanitazama. Nilidhani atanipiga. Akaniambia taratibu, "Niambie ulichoandika." Nikamwonyesha. Akalinganisha na daftari, herufi kwa herufi. Akasema, "Hukukosea." Halafu sauti yake ikarudi. "Nani amegusa mashine yangu?"

Nikamwambia habari za Bwana Cheti. Akampigia simu, akaweka sauti ya nje ili tusikie wote.

"Shangazi yangu, habari za kazi?"

"Usiniite wako. Umefanya nini kwenye kompyuta ya ukutani?"

"Aa, nimeiboresha. Ile Linux ya zamani imeachwa, haipati marekebisho tena. Nimeweka hii nyingine. Ni nzuri sana, ya haraka."

"Na mtunza stoo?"

"Nani?"

"Kile cha kuweka na kuondoa programu!"

"Ni kipya, ndiyo. Lakini nilipanga kwamba mkiandika jina la kile cha zamani, kipya kiitikie. Ili msisumbuke kujifunza upya."

Shemeji alifumba macho. "Rudia."

"Nilifanya hivyo kwa nia njema, Shangazi. Mngeona tofauti mngechanganyikiwa."

"Kwa hiyo umemtoa mtu, umemweka mgeni, ukamvika nguo za yule wa kwanza, ukamwambia aitikie jina lake, ili tusisumbuke?"

"Lakini ukisoma vizuri unaona. Mwisho wa swali kuna herufi mbili kwenye mabano. Ile kubwa ndiyo jibu la Enta. Zamani kubwa ilikuwa ya kukataa, sasa kubwa ni ya kukubali. Imeandikwa pale pale."

"Herufi moja imenenepa, ndiyo ilani yako?"

"Ndiyo utaratibu wa kimataifa, Shangazi. Mtumiaji anatakiwa asome."

Alikata simu. Kwa maisha yangu yote sijawahi kumchukia mtu kwa sauti yake, lakini siku ile nilimchukia yule, na ule upole wake, na lile "ili msisumbuke".

Walirudisha programu mchana ule. Jedwali la muhula uliopita lilikuwapo kwenye flashi. La muhula huu halikuwapo popote.

Kesho yake barua ikaja mezani kwake. Meneja wetu si mtu mbaya, ila anaamini chochote chenye mhuri, na makao makuu walikuwa wameshampigia. Barua ilisema kwamba kutokana na kufutwa kwa programu muhimu kwa uzembe, kuanzia Jumatatu Shangazi atahamia chumba cha kukunja na kuhesabu kurasa, na kompyuta zitakabidhiwa kwa mtu atakayeletwa na injinia. Kabla ya hapo kutakuwa na kikao Ijumaa, chumba cha kompyuta, ajitetee.

Chumba cha kukunja hakina hata dirisha. Lakini si hilo. Kumtoa Shemeji kwenye jedwali lile ni kumtoa mtu kwenye lugha aliyoitengeneza yeye na mwenzake kwa vidole na kelele.

"Nitasema ni mimi niliyebonyeza," nikamwambia.

"Utanyamaza. Kunyamaza ni fani yako, usiiache leo."

"Lakini—"

"Shemeji, wakijua ni wewe watapata wa kumtupia. Mimi nataka wamwangalie aliyebadilisha, si aliyebonyeza. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nyumbani mke wangu alinitilia chakula, akakaa mbele yangu asile.

"Dada anahamishwa kwa kidole chako," akasema, "na wewe unatafuna?"

"Ameniambia ninyamaze."

"Na wewe kwa kunyamaza unahitaji kuambiwa?"

Sikumaliza kula. Usingizi ulichelewa kuja, na nilipoamka Ijumaa nilikuwa nimeshaamua.

Kikao kilianza saa nne. Meneja alikaa kwenye kiti cha Shemeji, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa tusi. Bwana Cheti alisimama pembeni na kishikwambi mkononi. Msomaji alikuwa mezani kwake kama kawaida, akapewa ruhusa abaki. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa kuwa nilikuwepo.

Meneja akasoma barua. Akauliza, "Shangazi, uliondoa programu au hukuondoa?"

Kabla hajajibu nikasimama. Nikashika meza.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alikuwa kwenye mashine ya kuchapa. Ni mimi niliyebonyeza Enta."

Sauti yangu ilitoka ndogo hivi kwamba Meneja aliniambia nirudie. Nikarudia. Nilimtazama Shemeji nikitarajia labda atafurahi kidogo. Alinitazama kama mtu ambaye nimemkanyaga kidonda.

Bwana Cheti alitabasamu. "Mheshimiwa Meneja, sasa ni mbaya zaidi. Naomba kuuliza, Mshonaji, elimu yako ni ipi?"

"Msingi."

"Darasa la saba. Anashona majalada. Na Shangazi amempa mamlaka ya kuandika amri kwenye kompyuta za taasisi." Akaandika kitu kwenye kishikwambi. "Napendekeza kwenye barua iongezwe: kuruhusu mtu asiye na sifa. Na huyu bwana asiguse tena kifaa chochote chenye waya."

Meneja akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokitafuta. Nikakaa. Nilitamani sakafu ifunguke. Nilikuwa nimekwenda kumtoa mtu shimoni nikammwagia udongo.

"Umemaliza?" Shemeji akamwuliza Bwana Cheti.

"Nimemaliza."

"Shemeji, na wewe umemaliza? Nilikwambia unyamaze, siku moja tu katika maisha yako ukaamua kuongea. Tutaonana baadaye." Akasimama. "Injinia, wewe una sifa?"

"Vyeti vinne."

"Vizuri. Njoo hapa. Geuka utazame ukuta."

"Ili iweje?"

"Meneja ameniambia nijitetee. Najitetea. Geuka."

Bwana Cheti akamtazama Meneja. Meneja, nadhani kwa kutaka amani, akasema, "Geuka tu, bwana." Akageuka.

Shemeji akamshika Msomaji bega, akamnong'oneza. Msomaji akaenda kukaa kwenye mojawapo ya zile kompyuta mbili za dirishani. Akaandika. Programu ya sauti ikaanza kusoma orodha, jina baada ya jina, kwa ile sauti yake kavu isiyopumua. Mwisho ikasoma swali: niendelee? Na zile herufi mbili kwenye mabano, ikazitamka kwa Kiingereza: wai ya ndiyo, eni ya hapana. Ikanyamaza.

Shemeji akachukua kibodi ya kompyuta ile, akaivuta hadi waya ukakaza, akamwekea Bwana Cheti mikononi.

"Ninachokiondoa ni programu ya nukta, ile tuliyoirudisha juzi, pamoja na kazi ya siku hizi mbili. Sitaki iondoke. Nataka nikatae. Wewe mwenye vyeti, nibonyezee Enta."

Bwana Cheti hakubonyeza. "Hii ni ipi? Ile niliyoibadilisha au ile nyingine?"

"Ni ile aliyokaa Msomaji."

"Msomaji amekaa ipi?"

"Msomaji aliambiwa nini kuhusu ipi ni ipi? Si hakuambiwa kitu? Na wewe hutaambiwa kitu. Bonyeza."

"Basi niruhusu nigeuke nione herufi kubwa ni ipi."

Hapo Msomaji akaongea, taratibu, kutoka kwenye kiti.

"Mimi nikigeuka, bwana, naona nini?"

Meneja aliiweka barua mezani.

"Isomewe tena," Bwana Cheti akasema. Msomaji akaisomesha tena. Wai, eni. Sauti haikupanda wala haikushuka, kubwa na ndogo zote zilitoka mdomo mmoja. Kidole cha Bwana Cheti kilikuwa juu ya Enta, na nyuma ya shingo yake nikaona jasho.

"Siwezi kubonyeza bila kujua," akasema hatimaye.

"Eeeh!" Shemeji akapaza sauti hadi makarani wakaja mlangoni. "Huwezi! Vyeti vinne, na huwezi! Huyu wa darasa la saba alijua. Alijua kwa miaka minane, hakukosea hata siku moja, mpaka ulipokuja wewe ukageuza maana ya kitufe chini ya kidole chake ukaondoka bila kuaga. Hii ni nyumba ya vitabu vya wasioona! Mtu gani mwenye akili anaweka ilani ya kuonekana kwa macho peke yake katika nyumba hii? Unatuletea mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji, halafu unatuuliza mbona tulimfungulia? Na watoto waliokuwa wanangoja hesabu zao, uliwaambia na wao wasome herufi kubwa?"

Bwana Cheti aligeuka, amekumbatia kibodi kama mtoto. "Shangazi, mabadiliko hayo sikuyatunga mimi. Ndivyo chombo kilivyo. Watengenezaji—"

"Watengenezaji siwajui na hawanijui. Wanabadilisha wanachotaka, na huyu na yule hawapatani, nimewazoea. Ndiyo maana nina kalamu mbili. Wewe ndiye uliyesimama kati yao na mimi. Kazi yako ilikuwa sentensi moja. Moja!"

Meneja akakohoa. Akaivuta barua, akaanza kuikunja aitie mfukoni.

"Mfukoni si mahali pake," Shemeji akasema. "Ichane."

"Shangazi, barua ina namba ya faili. Haichanwi." Akafikiri. Akatoa kalamu, akaandika kwa ukubwa juu ya maneno yote, Imefutwa, akapiga mhuri. Kwa Meneja hiyo ni zaidi ya kuchana.

"Na huyu," Shemeji akanyoosha kidole kwangu bila kunitazama, "ataendelea kuchungulia."

"Ataendelea," Meneja akasema.

"Na injinia ataandika alichobadilisha, kwa karatasi, kabla hajaondoka. Msomaji ataitoa kwa nukta, na mimi nitaibandika."

Bwana Cheti akaandika haraka, akatoa karatasi. Shemeji akasoma kwa sauti: "Maboresho ya mfumo yamefanyika." Akairudisha. Ya pili ilisema kwamba watumiaji wanashauriwa kuwa makini. Akairudisha pia. Ya tatu ilikuwa ndefu, na sisi hatukuielewa hata mmoja, nadhani na yeye hakutaka tuielewe. Shemeji hakuisoma hadi mwisho, aliiweka tu mbele yake. Ya nne ndiyo iliyobandikwa: Kwenye kompyuta ya ukutani, Enta ilikuwa ikikataa. Sasa inakubali. Faili ulilolirekebisha haliachwi. Sikuwaambia.

Neno la mwisho alilazimishwa. Aliliandika dogo kuliko mengine.

Alipoondoka, Meneja na makarani walikwenda zao. Nikabaki natazama viatu vyangu, nangoja zamu yangu. Shemeji alinigeukia.

"Wewe."

"Samahani, Shemeji."

"Samahani ya nini? Hiyo ndiyo inayonikera! Unaomba msamaha wa kosa ambalo si lako mbele ya mwenye kosa, naye anapata pa kukanyaga. Siku nyingine ukitaka kuongea, sema kilichotokea. Usiseme 'ni mimi'. Sema 'nilibonyeza kama siku zote, na mashine ikafanya kinyume'. Sema."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikasema. Akaniambia niongeze sauti. Nikasema tena.

Msomaji alikuwa anacheka peke yake. "Shangazi, na ile orodha uliyoniambia niandike? Ulimwambia ni programu ya nukta, kumbe ni mchezo wa karata."

"Ulitaka niweke kazi yangu mikononi mwa yule? Angeshtuka akabonyeza je?" Akakaa kwenye kiti chake, akakisogeza alivyozoea, maana Meneja alikuwa amekivuruga. "Kumbe hata yeye alisikia majina yote yakisomwa, hakuyatambua. Vyeti vinne."

"Lakini umeridhika," Msomaji akasema.

"Na karatasi, ndiyo. Watoto nitawapa karatasi?" Alifungua jedwali la muhula uliopita, akateremka hadi mahali alama za hesabu zinapoanza, ambapo hapakuwa na kitu. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana kwa hasira. "Leta vidole vyako. Sehemu. Nusu, tunaanzaje?"

Msomaji akasogeza kiti. Ndani ya dakika mbili walikuwa wanagombana.